Kadi Moja kwa Samaki na Kwaya

Jumatatu, 10 Juni

Umeme upo tangu asubuhi. Siku nzuri ya kuanza kazi ambayo nilishasema nimeimaliza.

Niandike mambo yalivyo, ili siku moja watu wajue nilivyoteseka. Mimi, Didier Mwenze, natengeneza tovuti hapa Nchelenge. Nina wateja wawili. Wa kwanza ni ushirika wa akina mama wanaouza samaki Kashikishi. Wa pili ni kwaya ya parokia. Mwenyekiti wa ushirika ni Mama Fidélie. Kiongozi wa kwaya ni Mama Fidélie. Mama mzazi wa Jessica, mchumba wangu, pia ni Mama Fidélie. Kwa hiyo wateja ni wawili kwa jina tu.

Tovuti ya samaki imekwisha na inafanya kazi. Fahari yangu ndani yake ni kadi. Kila samaki ana kadi: picha, jina, tarehe aliyotoka ziwani. Kadi yenyewe inahesabu siku. Samaki wa leo au wa jana, inaandika "Mbichi". Akikaa kidogo, "Ya kukausha". Akikaa sana, "Imeoza, usinunue". Chini kuna kitufe cha kuagiza kwa kilo, na oda inaingia moja kwa moja kwenye simu ya Mama Fidélie. Hakuna aliyenifundisha hayo. Ni akili yangu mwenyewe.

Tovuti ya kwaya ina kichwa cha habari. Basi. Jessica nimemwambia imebaki kupigwa pasi kidogo.

Jumapili kwaya ya Chienge inakuja kututembelea. Mama Fidélie anataka kuwaonyesha tovuti ukutani baada ya misa, kwa projekta. Jessica anasema ikimpendeza, mama yake ataketi na wajomba kupanga tarehe ya harusi. Nikauliza, na isipompendeza? Jessica akaangalia pembeni. Sikupenda alivyoangalia pembeni.

Lakini nina mpango. Sitaandika kitu kipya. Wanakwaya nao wana picha, jina na tarehe, yaani tarehe ya kuingia kwaya. Mradi wa kwaya utaazima kadi kutoka mradi wa samaki. Mstari mmoja tu wa kuita moduli, yaani kipande hicho cha programu. Jioni nitakuwa nakunywa Fanta.

Baadaye. Nimeandika mstari. Skrini nyekundu yote. "Module not found", yaani moduli haionekani. Haionekani na nani? Mimi naiona! Iko kwenye folda ya samaki, nilipoiacha. Nimeionyesha kompyuta kwa kidole. Kisha umeme ukakatika, nikalala mchana.

Jumanne, 11 Juni

Nimeelewa. Ni suala la njia. Nukta mbili na mkwaju, ule mstari wa mshazari, maana yake ni "toka nje ya folda hii, panda juu". Sikutoka vya kutosha. Nimeongeza nukta. Nyekundu. Nimeongeza tena. Nimetoka kwenye folda, nimetoka kwenye mradi, nimejikuta kwenye picha za ubatizo wa mtoto wa dada yangu Chouchou. Nimerudi nyuma kidogo. Hapo kompyuta ikaiona kadi.

Furaha fupi. Sasa inasema imeiona, lakini kadi iko nje ya mradi, na kitu cha nje hakiruhusiwi kuingia. Nimekaa Kenani, kambi ya wakimbizi, baada ya kushuka mtumbwini, najua mlango wa namna hiyo. Wanakuona vizuri sana, wanakusalimia hata, na huingii mpaka uandikishwe. Sikutegemea kuukuta mlango huo ndani ya laptop yangu mwenyewe.

Jessica amekuja saa ya chakula na ushauri. Nikauliza ushauri wa nani. Wa Levy. Levy anatengeneza simu pale karibu na stendi, ana diploma ya Kitwe, na anaitaja diploma hiyo hata akibadilisha kioo. Anasema kadi itolewe kwenye samaki, iwekwe kwenye folda yake yenyewe, ipewe jina, kisha miradi yote miwili iandikishe jina hilo.

Nikauliza Levy amejuaje tatizo langu. Alikula kwao, kwa kina Jessica, jana: samaki makobo na bukari, yaani ugali.

Kwao! Mimi mchumba sijawahi kula pale hata tonge. Tangu familia yangu ipige hodi mwezi wa tatu, desturi imenifunga. Mkwe hatazamani na mama mkwe. Hali chakula mbele yake, hasemi naye, wakikutana njiani mmoja anachepuka. Itaendelea hivyo mpaka siku ya kuingizwa nyumbani rasmi. Babemba, wenyeji wa huku, wanafanya hivyo, na sisi tuliovuka ziwa tunafanya hivyo hivyo. Kila kitu Mama Fidélie anachotaka kwenye tovuti kinapita kwa mshenga wangu, Tata Zacharia, mdogo wa baba, ambaye huku wanamwita shibukombe. Tata Zacharia haendi popote kabla ya chai. Na Levy, kwa kuwa si mkwe wa mtu, anakaa mezani, anauliza mteja anataka rangi gani, na kuongezewa mchuzi.

Ushauri wake ninaukataa. Naona wivu, ndiyo, na nina haki.

Jumatano, 12 Juni

Njia rahisi kuliko zote: nimenakili kadi nzima na kuibandika ndani ya mradi wa kwaya. Nyekundu imetoweka. Levy na diploma yake wakae kando.

Nikaona picha ni kubwa mno. Nikapunguza. Haikupungua. Nikapunguza zaidi. Ikabaki vilevile. Nikafuta picha kabisa. Bado ipo! Nikazima laptop, nikaiwasha, nikaisemesha vibaya. Mchana wote umekwenda kabla sijagundua kwamba nilikuwa narekebisha kadi ya samaki huku naangalia kadi ya kwaya. Zinafanana kama vidole, na moja haijui habari za mwenzake.

Kumbe tovuti ya samaki, ile iliyokuwa nzima, sasa haina picha. Tata Zacharia akaja na ujumbe kutoka sokoni: Mama Fidélie anauliza makobo yake yamekwenda wapi. Nikamwambia Tata ajibu ni matengenezo ya kawaida. Akaomba chai kwanza.

Nilikwenda Kashikishi mwenyewe kupiga picha mpya. Nikiwa kwenye njia ya kushuka ufukweni, mbele yangu anatokea Mama Fidélie na beseni kichwani. Njia nyembamba. Kushoto ukuta, kulia mchanga. Desturi ni desturi, nikarukia kulia. Nikatua katikati ya chisense za Mama Brigitte, alizozianika tangu asubuhi. Mama Brigitte ni soprano, sauti yake inafika Kilwa, ng'ambo ya ziwa. Nikabaki nimelala kifudifudi juu ya dagaa zake, uso chini kwa heshima, mpaka mama mkwe akapita. Mama Fidélie hakusema neno, kama inavyotakiwa. Brigitte alisema kwa niaba ya wote wawili.

Nimefuta nakala. Nanuka samaki mpaka sasa.

Alhamisi, 13 Juni

Hakuna umeme. Hakuna kazi. Si kosa langu.

Ijumaa, 14 Juni

Nimeshinda!

Nimeweka kiungo. Ni folda ya uongo ndani ya mradi wa kwaya. Ukiigusa inakupeleka kwenye kadi ya kweli kule kwa samaki. Kompyuta inadhani kadi iko ndani. Mlinzi wa mlangoni amedanganywa. Ukirekebisha mara moja, kote kumebadilika. Nikampigia Jessica, nikaongea kwa muda mrefu juu ya kipaji. Akasema vizuri, basi ipandishe kwenye seva tuione.

Nikapandisha. "Module not found."

Nimefikiri sana, nimepata sababu, na imeniuma. Kiungo kinasema: kadi iko kwenye laptop ya Didier, chini ya folda fulani. Kwenye laptop ya Didier hilo ni kweli. Seva, ile kompyuta inayoonyesha tovuti kwa watu wote, iko nchi za mbali, haimjui Didier. Ni sawa na kumwelekeza mtu wa Chienge nyumbani kwetu kwa kumwambia ageuke pale alipokuwa mbwa.

Nimemtuma Tata Zacharia aombe tovuti ionyeshwe Jumapili nyingine. Amekunywa chai, amekwenda, amerudi. Anasema Mama Fidélie amesikiliza kwa upole. Amejibu kwamba kwaya ya Chienge imeshakodi gari. Pia kwamba mwanamume anayetaka tarehe ya harusi isiyosogea asianze kwa kusogeza ya kwaya. Tata Zacharia ameona ni jibu zuri mno, amelirudia mara kadhaa.

Nimepata hofu ya kweli leo. Nampenda Jessica. Si suala la tovuti tena.

Jumamosi, 15 Juni

Nimekwenda kwa Levy. Lakini kwa akili.

Nimemwambia nina binamu Lubumbashi, anaitwa Parfait, ana shida ya moduli. Ana miradi miwili, tuseme ya vitunguu na ya mpira wa miguu, na anataka kadi moja itumike kote. Nikasema mimi ningemsaidia mwenyewe ila nina kazi nyingi. Levy akaendelea na simu aliyokuwa akiifungua. Akasema nimwambie Parfait atengeneze folda ya tatu. Ndani aweke kadi na faili dogo linalotaja jina lake. Kila mradi uandike jina hilo kwenye orodha ya vitu unavyohitaji. Zote tatu zipande pamoja kwenye seva. Hapo hakuna atakayesema haionekani.

Rahisi hivyo. Nikasimama kuondoka. Akanishika mkono.

"Iwe, ngoja, bado. Kadi ni sahani tu," akasema. "Chakula, kila project inaleta yake. Umwambie Parfait asiache vitunguu ndani ya sahani."

Nikasema nitamfikishia. Akaniambia pia nimsalimie Parfait, na akacheka kidogo, sijui kwa nini. Halafu, kwa mdomo wake mwenyewe, akaniambia ameingia kwaya leo asubuhi. Antoine wa besi ana malaria na Mama Fidélie amemwomba Levy asaidie kesho. Sasa anaimba pia!

Nimefanya sehemu ya kwanza kama alivyosema. Folda ya tatu nimeiita "pamoja". Nimeandika jina, nimeandikisha kwenye samaki, nimeandikisha kwenye kwaya, nimepandisha zote. Hakuna nyekundu. Ukurasa wa kwaya umefunguka kwenye simu, mweupe, bado hauna mtu, lakini umefunguka. Nilikaa chini sakafuni. Karibu nilie.

Sehemu ya sahani nimeiacha. Ile ilikuwa maringo ya diploma. Kadi yangu ina akili zake, siwezi kuipunguza iwe sahani kwa sababu Levy ana njaa.

Jessica anaingiza picha, majina na tarehe za wanakwaya wote usiku huu. Nimemwambia asinionyeshe mpaka kesho, nataka nishangae na wengine.

Jumapili, 16 Juni

Nimeshangaa na wengine.

Misa ilikuwa nzuri. Levy aliimba, sitaki kusema vizuri. Baadaye watu wakabaki ndani, wetu na wa Chienge, projekta ikawashwa kwa betri ya sola. Mimi, kwa kuwa Mama Fidélie alikuwa mbele kabisa, nilitoka nikakaa nje chini ya dirisha, mgongo ukutani, kama mkwe mwenye adabu. Jessica ndiye aliyeshika laptop yangu.

Nikasikia laptop ikibonyezwa. Kisha mtu mmoja akacheka. Nikajiambia, wamefurahi. Kisha safu nzima. Kisha kanisa zima, na watu wa Chienge wakipiga mabenchi. Nilikuwa nimeshaanza kuchagua rangi ya koti la harusi. Kisha wetu wakaacha kucheka, wakabaki wa Chienge peke yao. Hapo nikainuka nikachungulia.

Ukutani palikuwa na uso wa Mama Fidélie, mkubwa kama mlango. Chini yake jina lake lote. Chini ya jina, tarehe aliyoingia kwaya, mwaka 1999, kule Pweto. Na chini ya tarehe: "Imeoza, usinunue."

Jessica akashusha ukurasa haraka ili kuficha. Akafika kwa Mama Brigitte. Imeoza. Waalto wote, wameoza. Jessica mwenyewe, aliyehamia kwaya ya wakubwa Alhamisi ya wiki hii: "Ya kukausha." Katika kwaya nzima mmoja tu alikuwa "Mbichi". Ni Levy, aliyeingia jana.

Ningeweza kusema hayo ndiyo yote. Lakini mkuu wa kwaya ya Chienge, bwana mmoja anaitwa Bwalya, mtu wa utani, alikuwa amefungua tovuti kwenye simu yake. Akabonyeza kitufe. Simu ya Mama Fidélie ikalia mbele ya wote. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti, maana alidhani ni ya sokoni: oda mpya, Mama Brigitte, kilo mbili. Brigitte alikuwa amekaa pembeni yake. Alikuwa hajanisamehe chisense.

Jessica akatoka nje kunitafuta. Hakupiga kelele.

"Miye njo ya kukausha, Didier?" akauliza. "Miye?"

Nikaanza kueleza habari za moduli. Machozi yalikuwa karibu, yake na yangu. Niliona aibu mpaka magotini. Nilitaka kumwambia kwamba kwangu yeye ni mbichi siku zote, nikaona afadhali ninyamaze.

Ndipo Mama Fidélie akatokea mlangoni. Nikageuka upesi, uso ukutani, kama desturi inavyotaka. Nikamsikia anakuja. Hakuchepuka. Akasimama nyuma yangu kabisa, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu nikasikia sauti yake ikisema na mimi.

"Ku mukwe tunanyamazaka," akasema. "Leo hauko mukwe. Uko fundi. Fundi, geuka, unitengenezee ile kintu."

Nikageuka. Sikuwa nimewahi kumwona kwa karibu. Anafanana sana na Jessica, na hilo lilinizidishia huzuni. Tangu mwezi wa tatu nimekuwa mkwe, na kwa sentensi moja nimekuwa fundi.

Niliingia, nikakaa mbele ya laptop. Nikabonyeza kitu, nyekundu ikarudi ukutani, kubwa kuliko nilivyowahi kuiona. Levy akaomba kiti. Kwaya ya Chienge ikaombwa iimbe wakati tukisubiri. Ulikuwa wimbo mrefu, na kabla haujaisha Levy alikuwa amemaliza. Alitoa kwenye kadi hesabu ya siku na kitufe cha kilo, akavirudisha kwenye mradi wa samaki. Kadi ikabaki na picha, jina na tarehe. Samaki walipata maneno yao, wanakwaya wakapata yao. Chini ya Mama Fidélie pakaandikwa "Kiongozi wetu". Watu wakapiga makofi. Mama Brigitte akaomba ukurasa wake urudishwe ukutani aonekane vizuri.

Alichofanya Levy ni kilekile alichoniambia jana. Kwa hiyo si jambo la ajabu.

Aliponirudishia laptop akasema polepole kwamba nimsalimie Parfait.

Jumatatu, 17 Juni

Habari njema, na sistahili zote, nakiri.

Tata Zacharia amekwenda asubuhi bila hata chai, ndivyo alivyonihurumia. Amemkuta Mama Fidélie amepoa. Jana jioni alifungua tovuti tena, akaangalia kurasa zote, akaipenda. Alipofika kwenye jina lake alicheka hata yeye. Jessica naye anapokea simu zangu. Anasema ameshawahi kuitwa vibaya zaidi, ila si na mtu wa kumwoa. Masharti ni haya. Jumapili nilete kuku jike mnene, nipige goti, nitakuwa mkwe tena na Mama Fidélie ataacha kusema na mimi. Baada ya hapo wajomba watakaa kupanga tarehe. Na tovuti ya kwaya ibaki hivyo ilivyo. Tata anasema Mama alilisisitiza hilo la mwisho, alimfanya alirudie kabla ya kutoka: Didier asiiguse kwaya.

Nimeapa. Sitaigusa kwaya. Kuna jambo gani rahisi kuliko kutogusa?

Mchana Padri akaniita. Ameona kazi ya jana, anasema baada ya marekebisho ilikuwa safi. Anataka ukurasa wa marehemu wa parokia, familia ziweze kuwaombea. Kila mmoja awe na jina, picha, tarehe aliyotuacha. Nikamwambia Padri, jina, picha na tarehe ni taaluma yangu. Atapata leo.

Mradi mpya, nikaandikisha "pamoja", kadi ikaonekana mara moja. Hakuna nyekundu. Naujua mlango huu sasa, naweza kufundisha. Lakini nilipoiangalia kadi nikasikitika. Levy ameifanya bubu. Haihesabu siku, haisemi kitu, sahani tupu kweli. Kazi yangu ya miezi! Nilikuwa nimeihifadhi ile ya zamani, yenye hesabu na maneno yake yote, kwenye kona ya laptop, nikaichukua na kuirudisha kwenye folda ya pamoja. Sikugusa kwaya. Sikuifungua hata. Nimegusa pamoja tu, halafu nikapandisha.

Na huo ndio uzuri wa kazi iliyopangwa vizuri. Umebadilisha mahali pamoja, miradi yote mitatu imepata. Padri ameshaingiza marehemu wa tangu mwaka jana, na amewatumia watu anwani ya ukurasa kwenye simu zao. Mimi nimetoka kutafuta kuku.

Nimempata, mnene, mwekundu, ana hasira kidogo. Naandika haya akiwa amefungwa kwenye mguu wa meza. Simu inalia, ni Tata Zacharia, mara ya nne sasa. Nadhani wajomba wamekaa mapema.